Istilahi za Kuunganisha Vyombo na Runinga: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Kila chombo kigeni kiingiapo nyumbani huja na majina yake. Baiskeli ilikuja na pedeli, spoki na mnyororo. Cherehani ikaja na majina yake. Redio nayo ikaja na mawimbi, betri na kipaza sauti. Baadhi ya majina hayo Kiswahili kiliyatohoa, mengine kikayaunda kutokana na maneno yake chenyewe, na leo hakuna anayekumbuka kwamba yaliwahi kuwa mageni.

Runinga imeleta jambo gumu zaidi, kwa sababu siku hizi haikai peke yake. Huunganishwa na king'amuzi, na antena au ungo, na redio kubwa ya sebuleni, na fleshi, na hata simu ya mkononi. Kila kiungo kina tundu lake, waya wake na jina lake, na aghalabu jina hilo limechapwa kwa Kiingereza nyuma ya chombo, kwa herufi ndogo, mahali pasipofikiwa na mwanga.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili kwa pamoja: namna vyombo vya kidijitali vinavyounganishwa na runinga ya nyumbani, na maneno yanayofaa kutumiwa katika kazi hiyo. Tumeyaweka pamoja kwa kusudi. Tunaamini kwamba mtu mwenye majina sahihi ya sehemu za chombo huweza kukiunganisha mwenyewe, au angalau kumweleza fundi kasoro iliyopo; asiye na majina hayo hubaki akigusagusa nyaya tu, na mwisho hulipia matengenezo yasiyohitajiwa.

Mifano yetu tumeichukua kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi ziko mbali sana na Dar es Salaam. Wenyeji wake huzungumza Kinyambo nyumbani, na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Zimepakana na nchi jirani kwa Mto Kagera, kwa hiyo bidhaa na majina ya bidhaa huingia kutoka pande zaidi ya moja. Istilahi ikieleweka Murongo, ukingoni mwa mto huo, tunaweza kuwa na matumaini kwamba itaeleweka mahali pengine pengi.

Jinsi ving'amuzi vilivyofika majumbani

Zanzibar ilikuwa na kituo cha televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya kwanza vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1981, yaani miaka 13 kabla ya hapo. Haikuwa na sababu kubwa ya kutaja vyombo ambavyo havikuwa vimeenea nchini.

Kwa miaka mingi matangazo yalirushwa kwa mtindo wa analojia. Mwenye runinga alihitaji antena na waya mmoja tu, basi. Mwaka 2006, katika mkutano uliofanyika Geneva chini ya Umoja wa Mawasiliano Duniani, mataifa mengi yalikubaliana kuhamia mtindo wa dijitali, na siku ya mwisho ikawekwa kuwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Mwaka huohuo wa 2012 ndipo Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya, hata mtu aweza kusema kwamba wilaya hiyo na king'amuzi ni marika.

Runinga za zamani hazikuwa na uwezo wa kuelewa matangazo ya kidijitali. Ilibidi pawe na chombo cha katikati, cha kupokea matangazo hayo na kuyageuza yawe picha na sauti ambazo runinga yaweza kuzipokea. Chombo hicho ndicho king'amuzi. Kwa siku chache neno ambalo halikuwa midomoni mwa watu likawa linatamkwa nchi nzima. Runinga kadhaa za siku hizi huja na king'amuzi ndani yake, lakini nyumba nyingi bado hutumia kilicho nje, na ndicho kinacholeta maswali mengi.

Safari ya picha

Njia nyepesi ya kuelewa uunganishaji ni kuufuata kama mtu afuatavyo maji kutoka chemchemi hadi mtungini.

Chemchemi ni mawimbi yaliyo hewani. Kuna mawimbi yanayotoka katika minara iliyojengwa ardhini, na kuna yanayotoka katika setilaiti. Ya minara hupokewa na antena, ile yenye vijiti. Ya setilaiti hupokewa na ungo, ambao wengine huuita dishi. Neno ungo limechukuliwa kutoka jikoni, kwa sababu ya umbo, na ni ushahidi mzuri kwamba wananchi wana akili ya kuunda istilahi pasipo kungoja kikao.

Tofauti ya vyombo hivi viwili ina maana kubwa katika nchi ya vilima kama Karagwe. Mawimbi ya mnara husafiri karibu na ardhi, na kilima kikiingia katikati huyazuia. Nyumba iliyo mgongoni mwa kilima yaweza kupata picha safi, na jirani yake aliye bondeni asipate kitu, ingawa ving'amuzi vyao ni vya aina moja. Setilaiti za matangazo, kwa upande wake, zimekaa juu ya mstari wa Ikweta, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka ardhini. Karagwe iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo setilaiti hizo huonekana juu angani, na ungo hulazwa ukitazama juu kuliko ufanyavyo katika nchi za kaskazini ya mbali, ambako huelekezwa karibu na upeo wa macho. Ndiyo sababu ungo waweza kufanya kazi bondeni mahali ambapo antena imeshindwa. Ubaya wake ni mvua: mvua kubwa hunyonya mawimbi ya setilaiti, na picha hukatika mpaka wingu lipite.

Kutoka katika antena au ungo, hatua ya pili ni waya mnene wa mviringo, wenye uzi mmoja wa shaba katikati. Tunapendekeza uitwe waya wa antena kwa chombo cha kwanza, na waya wa ungo kwa cha pili. Waya huo huingia katika king'amuzi, wala si katika runinga.

Hatua ya tatu ni king'amuzi chenyewe. Hatua ya nne ni waya wa kutoka katika king'amuzi kwenda katika runinga. Hatua ya tano ni runinga, ambayo yapaswa kuambiwa isikilize tundu lipi. Hatua hii ya mwisho haina waya, haina rangi na haionekani kwa macho, na ndiyo inayowatatiza watu wengi kuliko zote.

Matundu na nyaya

Neno tundu linafaa kabisa kwa mahali ambapo waya huchomekwa. Lina maana ileile katika tundu la sindano na tundu la kitasa: mahali palipoachwa ili kitu kipite. Sehemu ya waya inayoingia katika tundu, mafundi huiita kichwa cha waya, nasi hatuoni sababu ya kutafuta jina jingine.

Jambo la msingi ni kwamba matundu yako ya aina mbili. Tundu la kutolea ni lile ambalo kitu hutoka; nyuma ya chombo limeandikwa OUT. Tundu la kupokelea ni lile ambalo kitu huingia, limeandikwa IN. Kanuni yake ni moja, nayo haibadiliki: waya hutoka katika tundu la kutolea la chombo kimoja na kuingia katika tundu la kupokelea la chombo kingine. Mtu akiunganisha kutolea na kutolea, hakuna kitakachopita, hata kama nyaya zote ni mpya. Yafaa kuangalia sana ving'amuzi vyenye matundu mawili ya waya wa ungo yanayofanana. Moja ni la kupokelea, na la pili ni la kutolea, la kupelekea mawimbi katika chombo kingine. Waya wa ungo ukiwekwa katika la pili, king'amuzi hakitapata chochote.

Kati ya king'amuzi na runinga hutumiwa nyaya za aina mbili hasa.

(a) Nyaya za rangi tatu. Hizi ni nyaya tatu zilizoshikamana, zenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Njano hupitisha picha. Nyeupe hupitisha sauti ya kushoto, na nyekundu sauti ya kulia. Kila rangi huingia katika tundu la rangi yake, pande zote mbili. Sauti ikisikika na picha isionekane, mtu atazame njano. Picha ikionekana na sauti ikakosekana, atazame nyeupe na nyekundu. Sokoni nyaya hizi huitwa waya wa AV. Sisi tunaliona jina nyaya za rangi tatu kuwa bora, kwa sababu lina maelekezo ndani yake: anayelisikia ameshajua la kufanya.

(b) Waya wa HDMI. Huu hubeba picha na sauti pamoja katika waya mmoja, kwa mtindo wa dijitali, na picha yake huwa safi zaidi. Ulianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2002. Kichwa chake ni bapa, chenye upande mmoja mpana kuliko mwingine, na ndani yake mna viunganishi vidogo 19. Kwa umbo hilo hauwezi kuingia kichwachini. Ukikataa, ugeuzwe, usilazimishwe. Herufi hizo nne hatuna haja ya kuzitafsiri, kwa kuwa zimekuwa jina, na mwenye duka yeyote wa Kayanga au Nkwenda huzielewa. Kazi ya istilahi hapo ni kuziwekea neno waya mbele na kuacha sarufi yetu izitawale.

Kabla ya kuchomeka waya wowote, vyombo vyote vizimwe. Wakati wa radi, umeme uchomolewe ukutani, na waya wa antena au wa ungo uchomolewe katika king'amuzi. Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi, na mlingoti wa antena juu ya bati huwa ndio ulio juu kuliko vyote. Waya huo usiguswe radi ikiwa imeshafika, uchomolewe mapema. Wanaotumia umeme wa jua wahakikishe kwamba volti zilizoandikwa katika king'amuzi ni zilezile za adapta yake. Volti zikizidi, king'amuzi huungua, na hapo hakuna istilahi itakayokiponya.

Neno moja, kasoro mbili

Sasa tunafikia jambo lililotusukuma kuandika makala haya.

Tuseme mzee mmoja wa Nkwenda ameunganisha king'amuzi chake, na kiooni pametokea maneno ya Kiingereza NO SIGNAL. Anampigia simu kijana wake aliyeko Mwanza.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hiki chombo kinasema hakuna mawimbi."

"Basi mwambie mtu apande akageuze antena, Tata. Ageuze polepole."

Antena inageuzwa jioni nzima, na maneno yale hayaondoki. Kesho yake runinga na king'amuzi vinafungwa katika blanketi na kupakiwa kwenye pikipiki hadi kwa fundi, Omurushaka. Fundi anabonyeza kitufe kimoja cha rimoti, na picha inatokea. Nauli imelipwa, fundi amelipwa, na antena iliyokuwa imeelekea mahali pake sasa imeelekezwa kwingine.

Kosa la kijana halikuwa la ufundi. Lilikuwa la tafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili: kinachotoka hewani kuingia katika king'amuzi, na kinachotoka katika king'amuzi kuingia katika runinga. Vyombo vyote viwili huweza kuandika maneno yaleyale, lakini kila kimoja hulalamikia jambo lake. Runinga inapoyaandika, inasema kwamba tundu inalolisikiliza halina kitu. King'amuzi kinapoyaandika, kinasema kwamba antena au ungo haujakiletea mawimbi. Tukitafsiri yote mawili kwa kusema hakuna mawimbi, tunamtuma mtu juu ya bati ilhali dawa iko mkononi mwake.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno mawili yatenganishwe. Mawimbi yabaki kuwa yale yaliyo hewani, yanayopokewa na antena au ungo. Ishara iwe kile kinachopita katika waya kutoka chombo kimoja hadi kingine ndani ya nyumba. Runinga iseme: Hakuna ishara katika tundu hili. King'amuzi kiseme: Mawimbi hayapatikani.

Huenda wengine watasema kwamba tofauti hii ni ndogo mno kwa mtu wa kawaida. Sisi tunajibu kwamba Kiswahili hakijawahi kuogopa tofauti zenye manufaa. Hatumchanganyi mtu kwa kuwa na mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini. Tunamrahisishia, kwa sababu kila neno humwambia kitu kimefika hatua gani. Mkulima wa Karagwe hupeleka buni mnadani na hunywa kahawa, hawezi kukosea. Vivyo hivyo mwenye runinga aweza kujua kwamba mawimbi ni ya nje na ishara ni ya ndani.

Ipo njia ya kutambua ni chombo gani kinachosema. Mtu achukue rimoti ya king'amuzi, abonyeze kitufe kilichoandikwa MENU. Ukurasa wa king'amuzi ukitokea kiooni, basi njia kutoka king'amuzi hadi runinga ni nzima, na kasoro itafutwe nje: antena, ungo, waya wake au mvua. Ukurasa usipotokea, mtu asipande batini. Kwanza atazame kama taa ya king'amuzi inawaka, kisha kama vichwa vya waya vimekaa vizuri, kisha achukue rimoti ya runinga.

Katika rimoti ya runinga kuna kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT. Kikibonyezwa, huonyesha orodha ya matundu ya runinga: AV, HDMI 1, HDMI 2, USB na mengineyo. Mtu achague lile ambalo waya wake umechomekwa. Hatua hii yaitwa nini? Wapo wanaosema kubadilisha chanzo. Wapo wanaosema kuweka AV, hata kama waya uliopo ni wa HDMI. Sisi tunapendekeza kuchagua tundu. Neno chanzo si kosa, lakini ni la mbali. Mtu huweza kudhani linahusu kituo cha matangazo. Neno tundu humrudisha kwenye kitu alichokishika kwa mkono wake dakika chache zilizopita.

Sasa simu ile ya Mwanza ingekuwa hivi:

"Tata, bonyeza menyu ya king'amuzi. Umeona kitu?"

"Sijaona."

"Waya umeuchomeka katika tundu gani la runinga?"

"HDMI 2."

"Chukua rimoti ya runinga, uchague tundu hilohilo."

King'amuzi na kisimbuzi

Jina la chombo chenyewe limekuwa na mjadala. Wananchi wengi husema king'amuzi. Matangazo na nyaraka za serikali hupenda kisimbuzi. Maneno yote mawili yameundwa kwa kanuni moja. Kung'amua ni kufahamu jambo lililofichika, na kutokana nako tumepata king'amuzi. Kusimba ni kuandika kwa alama za siri, kusimbua ni kuzifumbua, na kutokana nako tumepata kisimbuzi. Ni njia ileile iliyotupatia mwamuzi kutoka kuamua.

Kwa upande wa usahihi wa kitaalamu, kisimbuzi kina nguvu, kwa kuwa kina jamaa zake: msimbo, kusimba na kusimbua. Istilahi yenye ukoo huzaa nyingine. Kwa upande wa matumizi, king'amuzi kimeshinda, nacho si neno la mitaani tu. Ni Kiswahili fasaha kilichojengwa vizuri. Rai yetu ni kwamba kisimbuzi kitumike katika vitabu vya uhandisi na sheria, na king'amuzi katika maelekezo ya wananchi. Na tangazo lolote linalotumia kisimbuzi lieleze mara moja kwamba ndicho king'amuzi. Mtu asikose kutekeleza agizo kwa sababu alidhani linahusu chombo asichokuwa nacho.

Waandishi wakumbuke pia kibainishi katika king'amuzi na wingi wake, ving'amuzi. Ng' ya neno hili ni ile ya ng'ombe, wala si ile ya ngoma.

Kuhusu runinga na luninga, tunasikia yote mawili, pamoja na televisheni. Katika Kinyambo kiambishi cha ngeli kama hii huwa na sauti r, kama jina lenyewe la Runyambo linavyoonyesha, kwa hiyo wenyeji wa Karagwe na Kyerwa hutamka runinga pasipo taabu yoyote. Nasi tumelitumia umbo hilo.

Fleshi na simu

Runinga nyingi mpya zina tundu la USB. Katika tundu hilo huchomekwa fleshi yenye picha, nyimbo au filamu. Wataalamu wamependekeza diski mweko; madukani husemwa fleshi. Kanuni zetu za kuunda istilahi zinatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho ndipo tutohoe. Kanuni hiyo ni njema, lakini neno lililokwisha kutoholewa na watu wenyewe, likapata irabu mwishoni na kukubali sarufi yetu, hatulifukuzi. Rimoti ni mfano mwingine. Majina marefu yaliyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili hayajaweza kuiondoa mkononi mwa watu.

Fleshi ikikataa kusomwa, sababu ya kawaida ni mojawapo kati ya mbili. Ama runinga haiwezi kusoma faili la aina ile, ama fleshi imepangwa kwa mtindo ambao runinga haiutambui. Mtindo uitwao FAT32 husomwa na runinga nyingi, lakini haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4.

Simu janja nayo huweza kuonyesha kioo chake katika runinga, kwa waya maalumu au pasipo waya. Vijana husema kurusha. Tatizo la neno hili ni kwamba limekwisha kuajiriwa: vituo ndivyo vinavyorusha matangazo, kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Tunapendekeza kuakisi, kwa kuwa runinga huonyesha kile kilichomo katika simu kama kioo kinavyoonyesha uso. Hili ni pendekezo tu, na tunalileta kwa wasomaji walipime.

Orodha fupi ya istilahi

Antena: chombo chenye vijiti cha kupokea mawimbi ya minara ya ardhini.

Fleshi: kifaa kidogo cha kuhifadhia faili, huchomekwa katika tundu la USB.

Ishara: picha na sauti zinazopita katika waya kutoka chombo hadi chombo.

Kichwa cha waya: ncha ya waya inayoingia katika tundu.

King'amuzi: chombo kinachogeuza matangazo ya kidijitali yawe ishara za runinga; kitaalamu, kisimbuzi.

Kuakisi: kuonyesha kioo cha simu katika runinga.

Kuchagua tundu: kuiambia runinga isikilize tundu lipi.

Mawimbi: yale yanayosafiri hewani kutoka katika mnara au setilaiti.

Nyaya za rangi tatu: nyaya za njano, nyeupe na nyekundu.

Tundu la kupokelea: tundu ambalo ishara au mawimbi huingilia.

Tundu la kutolea: tundu ambalo ishara au mawimbi hutokea.

Ungo: chombo cha duara cha kupokea mawimbi ya setilaiti.

Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Neno lililopitishwa kikaoni na kuchapwa vizuri, lakini lisimwezeshe mtu wa Kaisho au Isingiro kuwasha runinga yake, halijamaliza safari. Kwa upande mwingine, neno lililozaliwa dukani laweza kuwa zuri kuliko la kwetu, na ni wajibu wetu kuliokota, kulipangusa na kuliweka katika kamusi.

Tunawaomba mafundi, walimu na wenye maduka wa Karagwe, Kyerwa na kwingineko watuandikie maneno wanayoyatumia kwa matundu, nyaya na vitufe hivi, pamoja na mahali wanapoyatumia. Tunawaomba hasa watuambie kama wao hutenganisha mawimbi na ishara, na kwa maneno gani. Wanaoingiza vyombo hivi nchini nao tunawasihi wachapishe maelekezo ya Kiswahili ndani ya maboksi yao. Karatasi moja yenye maneno haya kumi na mawili ingemwokolea mwananchi nauli ya kwenda kwa fundi, na antena yake ingebaki inatazama ilikoelekezwa.